Ukulele ya Pili ya Mwalimu Ninsiima

Katika kambi ya askari iliyo nje kidogo ya mji wa Bwera, hapakuwa na mtu aliyemjua Mwalimu Ninsiima asiijue ukulele yake. Ilikuwa ndogo kama mtoto wa gitaa, yenye nyuzi nne tu na mwili usiozidi kifua cha bata. Mumewe, Koplo Okot, aliinunua katika uwanja wa ndege siku aliporejea kutoka kazi ya kulinda amani Somalia, akidhani amemletea binti yao Aber kitu cha kuchezea. Aber aliichezea siku mbili, ya tatu akaisukumia chini ya kitanda. Mama yake ndiye aliyeiokota, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kitenge chake.

Ninsiima alifundisha chekechea ya watoto wa kambini. Darasani mwake walikaa Waacholi, Wateso, Walugbara na Wanyankole, kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili cha kambi ndicho kilichokuwa daraja la kuwavusha wote. Aligundua mapema kwamba mtoto asiyeelewa neno huelewa wimbo. Ila kuupiga huo wimbo hakujua, mpaka alipokutana na Enid.

Enid, ambaye wengi walimwita Mama Sunday, alikuwa mwenyeji wa Bwesumbu, mlimani, aliyeolewa Bwera. Aliongoza kwaya, na alikuwa na ukulele ya umbo kubwa yenye sauti nzito tamu kama asali ya msituni. Alimpokea Ninsiima kama mdogo wake wa tumbo moja. Alimwonyesha namna ya kukaza nyuzi, namna ya kuvipanga vidole juu ya shingo ya chombo, na namna ya kunyamaza pale wimbo unapotaka kupumua. Kwa muda wa miaka minne walikuwa chanda na pete. Harusi ikifungwa Bwera, waliitwa. Ubatizo ukifanyika Kinyamaseke, waliitwa. Enid alitangulia na Ninsiima akafuata.

Lakini mwaka wa nne ulipoingia, vidole vya Ninsiima vilikuwa vikikimbia mahali ambapo vya mwalimu wake vilikuwa vikitembea. Kilichomrudisha nyuma ni chombo chenyewe. Katika ukumbi uliojaa watu, sauti ya ile ukulele ndogo ilikuwa kama ya mbu mbele ya jenereta.

Siku moja mwezi wa pili, Ninsiima alimfuata Enid jikoni kwake akiwa na furaha isiyofichika. Alimweleza kwamba Philippe, yule msimamizi wa hoteli ya watalii iliyo karibu na njia panda ya Kikorongo, alikuwa amempigia simu. Alitafuta mtu mmoja wa kuwapigia wageni muziki kila Jumamosi mchana, kwa malipo mazuri, na alitaka aende akasikilizwe baada ya majuma matatu. Ninsiima aliongeza kwamba hawezi kwenda na kile kichezeo cha Aber. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi laki tatu na nusu. Si nyingi wala si haba, ila zilitosha kununua ukulele ya pili iliyo ya maana, na hakuna mtu ambaye angemwamini amchagulie isipokuwa Mama Sunday.

Enid alikuwa akichambua maharagwe. Alitupa kokoto pembeni, akasema, "Ni vizuri, mdogo wangu. Kesho kutwa tutaenda Kasese. Usinunue kitu bila mimi."

Duka la Wahabu lilikuwa karibu na soko la Kasese. Aliuza spika, redio, nyaya za kila aina, na ukutani alitundika magitaa na ukulele tatu za umbo kubwa. Moja ilikuwa ya mbao za mkangazi, rangi yake kama chai ya rangi, haina pambo lolote. Moyo wa Ninsiima uliiendea pale pale. Bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wake, na baki ingetosha nauli ya kurudi. Akanyoosha mkono, lakini Enid alikuwa ameshaishusha.

"Wewe kaa pale mbele, sikiliza," Enid alisema. "Mtu anayeshika chombo hakisikii vizuri. Anayesikia ni yule aliye mbele."

Maneno hayo yalikuwa na busara, na Ninsiima akakaa juu ya kreti ya soda kama mwanafunzi. Enid alizipiga nyuzi nne moja moja bila kuzibana, zikalia sawasawa. Kisha akashika mkao wa kwanza wa vidole, akapiga. Sauti ilitoka imepinda na chachu, kama maziwa yaliyolala juani. Ninsiima alikunja uso. Enid akajaribu mkao mwingine, uchachu ukazidi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaeleza kwamba shingo ya chombo hicho imepinda na hakuna fundi wa kuinyoosha. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu ikawa mbaya kuliko zote.

Wahabu alikuwa mtu mpole asiyependa kubishana na wateja. Alisema tu, "Mwalimu, hii iko sawa. Mimi nauza hapa miaka kumi, siwezi kukupa kitu mbovu." Lakini muuzaji gani husema chake kibovu? Ninsiima aliyaamini masikio yake, na zaidi ya masikio yake alimwamini dada yake.

Walizunguka hadi wakafika kwenye kibanda kilichouza mabegi na vifaa vya shule. Huko Enid akaokota ukulele ya buluu iliyong'aa, yenye mchoro wa pundamilia. Akaipiga taratibu, mkao mmoja, miwili, na ikalia vizuri. Bei yake haikufika hata nusu ya akiba. Enid alifurahi kwa niaba ya mwenzake, akamwambia pesa iliyobaki amnunulie Aber viatu, na njiani akamlipia nauli.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya mateso. Nyuzi za ile ukulele ya buluu zilikaa juu mno, mbali na shingo, hata vidole vya Ninsiima vikafanya malengelenge. Alipopiga karibu na kichwa cha chombo sauti ilivumilika, lakini mkono uliposhuka shingoni ilipotea njia kabisa. Okot, ambaye hakuwa mtu wa muziki, aliuliza kwa upole kama hicho kitu hakitaki kurudishwa dukani. Enid alipoulizwa alijibu kwamba chombo kipya ni kama kiatu kipya, huuma kwanza ndipo hukubali mguu. Ninsiima akafunga vidole kwa plasta akaendelea kuvumilia, maana mvumilivu hula mbivu.

Jumamosi ya kusikilizwa ilipofika, aliondoka Bwera asubuhi akiwa peke yake. Enid alikuwa amemuaga juzi yake, akasema anapanda Bwesumbu kwa ajili ya kahawa ya familia. Gari lilimshusha Kikorongo, akatembea hadi hotelini. Alipanda ngazi za baraza pana iliyoezekwa kwa nyasi, ambapo wageni walikuwa wakila chakula cha mchana huku wakitazama mbuga.

Kwenye benchi la wapigaji alikuwa ameketi Enid. Alivaa kitenge kipya, na ukulele yake kubwa ilikuwa imelala mapajani.

Ninsiima alisimama. Mguu mmoja ulikuwa juu ya ngazi ya mwisho, mwingine bado chini, na kwa muda hakukumbuka alikusudia kuuweka wapi. Enid alimsogezea nafasi, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba mpango ulibadilika. Philippe aliwasalimia wote wawili bila kuonyesha mshangao hata chembe. Ninsiima akaketi.

Aliitwa yeye kwanza. Alichagua wimbo aliokuwa ameuimba mara mia, wimbo aliofundishwa na Enid mwenyewe. Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha mkono ukashuka shingoni, na ile ukulele ya buluu ikamsaliti mbele ya kadamnasi. Kila alichobana kilitoka kimepinda. Mgeni mmoja aliweka uma chini akageuka kutazama kinachotokea. Ninsiima alijua makosa hayakuwa ya vidole vyake, lakini nani angesimama hapo kuwaeleza wageni habari za shingo na nyuzi? Alimaliza kwa sauti ya kooni tu, mikono imetulia. Enid akafuata na wimbo ule ule, kwa utulivu na kwa sauti nzito tamu, na kabla sahani hazijaondolewa Philippe alikuwa amempa kazi.

Usiku kucha Ninsiima alimtetea Enid moyoni mwake. Huenda aliamua dakika ya mwisho. Huenda aliona haya kusema. Mtu kuitafuta riziki si dhambi, na bahati haina mwenyewe. Hata hivyo Jumatatu alipanda gari kwenda Kasese, akiwa na ile ukulele ya buluu ndani ya mfuko, ili Wahabu amshauri kama nyuzi zake zinaweza kushushwa.

Wahabu aliigeuza huku na huku, akapiga jicho shingoni, akamwambia ukweli bila kumficha kwamba chombo kile kilitengenezwa kibovu na kingekufa kibovu. Kisha akaishusha ukutani ile ya mkangazi, ambayo bado haikuwa imepata mnunuzi, akamwekea mikononi. "Piga wewe mwenyewe," akasema. "Siku ile hukupiga."

Ninsiima alishika mkao wa kwanza, akapiga.

Sauti ilijaa duka zima, safi kama maji ya mlimani. Akashika mkao wa pili, wa tatu, akashuka shingoni hadi mwisho, na kila mahali sauti ilikuwa imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Alikiangalia chombo, akamwangalia Wahabu. Aliuliza kama shingo imetengenezwa. Wahabu akaapa kwamba hakuna aliyeigusa tangu siku ile.

Hapo Jamira, mke wa Wahabu, ambaye alikuwa akihesabu betri nyuma ya meza, alikumbuka kwamba siku ile alipiga video ili kuwaonyesha wateja wake wa WhatsApp kwamba duka lina ukulele. Hakuituma kwa sababu sauti ilikuwa mbaya. Aliitafuta katika simu, akampa Ninsiima.

Video ilikuwa fupi. Jamira alikuwa amesimama karibu sana, na mkono wa kushoto wa Enid ulionekana wazi kuliko uso wake. Ninsiima aliitazama mara ya kwanza asione kitu. Mara ya pili aliona. Kidole cha tatu cha Enid hakikuubana uzi tu. Kiliukokota kando, kikauvuta kuelekea kiganjani, kiasi cha upana wa punje ya mchele. Na punje moja inatosha. Uzi ukivutwa hivyo, hakuna ukulele duniani itakayolia sawa. Alifanya hivyo katika mkao wa kwanza, akafanya katika wa pili. Video ilikatika alipokuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko.

Ninsiima aliujua mkono ule. Ni mkono uliokuwa ukivishika vidole vyake kimoja kimoja na kuviweka mahali pake, ukimwambia asiuvute uzi, aubane tu. Mtu asiyejua kupiga asingeweza kufanya ule uovu. Ulihitaji ustadi wa miaka mingi. Jamira alimletea maji. Akayashika bila kuyanywa, kisha akaomba atumiwe ile video, akatoka bila kuaga.

Aliuliza kwa simu Enid yuko wapi, akaambiwa safari hii amepanda Bwesumbu kweli, na bodaboda ikampandisha huko mchana huo huo. Alimkuta Enid nyuma ya nyumba ya wazazi wake, amepiga magoti kando ya turubai, akigeuza kahawa iliyoanikwa. Ninsiima hakuketi.

"Mama Sunday, nimeona video ya dukani kwa Wahabu," alisema. "Nimekiona kidole chako."

Mikono ya Enid ilisimama. Ninsiima alijiandaa kwa kiapo, kwa machozi, kwa jina la Mungu kutajwa. Hakuna hata kimoja kilichokuja.

"Ni kweli," Enid alisema. "Niliuvuta."

Ukweli huo mtupu ulimtikisa Ninsiima kuliko uongo wowote. Aliuliza kwa nini, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo. Enid alijibu bila kuinua macho. Alisema kwamba katika harusi yao ya mwisho Kinyamaseke, watu walikuja kumpa Ninsiima mkono, na yeye alisimama pembeni amemshikia mfuko. Alisema ukulele ndogo ndiyo iliyokuwa imebaki kati yake na kusahauliwa. Chombo kizuri kikiingia mikononi mwa mwanafunzi wake, nani angemwita mwalimu tena?

"Lakini ungeniambia," Ninsiima alisema. "Ungesema na wewe unaitaka ile kazi. Mimi ningejuaje?"

Enid aliinuka, akapangusa mikono kwenye kitenge. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama usoni.

"Sasa na mimi nikuulize. Philippe alipokupigia simu, alisema nini? Niambie maneno yake."

Ninsiima aligeuza uso upande wa barabara.

Maneno ya Philippe aliyakumbuka yote, kwa lafudhi yake ya Kikongomani: "Nyinyi wamama wawili mulipiga kwa ile harusi, mukuje wote. Mwambie na mwenzako. Nitasikiliza, nitachagua moja." Ndivyo alivyosema. Ninsiima alikuwa ameupeleka ujumbe nusu. Hakukusudia kusema uongo. Alijiambia tu kwamba Mama Sunday ana kwaya yake, ana umri wake, hatataka kuhangaika na mahoteli, na kwamba angemweleza baadaye. Siku zilipopita, nusu ile aliyoificha ikazama, naye akaisahau kama mtu anavyosahau deni la jirani mpole.

"Kesho yake Philippe alinipigia mwenyewe," Enid alisema. "Akauliza kama umenifikishia ujumbe. Nikamwambia umenifikishia. Nilikusitiri. Halafu njia nzima kwenda Kasese nilingoja useme. Tulipofika Kikorongo ukanionyesha lile paa la hoteli kwa kidole, ukasema, 'Mama Sunday, kazi yangu itakuwa pale.' Basi nilipoingia dukani, kidole chenyewe kikajivuta."

 Ninsiima alikuwa amepanda mlima huo akiwa mdai, na sasa hakujua anadai nini. Mshtuko wa dukani ulikuwa wa kumwona mwenzake. Huu ulikuwa wa kujiona mwenyewe, na huo haukuwa na mtu wa kumlilia. Alitaka kusema "nisamehe", na papo hapo alitaka kuambiwa "nisamehe". Enid alirudi kwenye kahawa yake. Ninsiima akateremka kwa miguu hadi barabarani.

Jioni hiyo Okot alimkuta mkewe ameketi gizani, hajawasha taa wala jiko. Alisikiliza habari za video mpaka mwisho, akainuka kuvaa buti zake tena, akisema huyo mama lazima aelezwe kwamba mke wa askari hachezewi. Ninsiima akamshika mkono, akamsimulia na nusu iliyobaki. Okot alibaki na buti moja mguuni na nyingine mkononi.

"Sasa kama ni hivyo," alisema hatimaye, "mimi nitakamata nani?"

Ninsiima aliinunua ile ukulele ya mkangazi mwezi wa nne. Wahabu aliichukua ile ya buluu kwa bei ndogo, ili Ninsiima ajazie pengo la pesa. Ninsiima alimpigia Philippe simu, akamweleza kwamba ujumbe wake ulifika nusu na kosa lilikuwa lake. Philippe alicheka, akasema mambo yamekwisha. Enid bado anapiga Kikorongo kila Jumamosi. Ninsiima anapiga darasani na sauti yake sasa inafika hadi lango la kambi. Wakikutana Bwera husalimiana, huulizana habari za Sunday na za Aber, na hata hushikana mikono. Lakini harusi zinapofungwa, watu humwita huyu au humwita yule, na waliowahi kuwasikia wakiwa pamoja husema kwamba siku hizi kila mmoja anapiga nusu ya wimbo.

Wapo kambini wanaomlaumu Enid, na wapo Bwesumbu wanaomlaumu Ninsiima. Kila upande una ushahidi wake, na hakuna upande uliokosea. Ninsiima mwenyewe akiulizwa ni nani aliyeanza, hujibu kwamba walikuwa wawili, kila mmoja ameketi upande wake, na hakuna aliyeiona mikono yake mwenyewe ilipokuwa ikivuta. Ama kweli, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.